Nilivyopanda Newala Kumbeba Mwali na Kibofu Kisichosikia

Simu iliingia Jumatatu asubuhi nikiwa kwenye cherehani yangu pale Mkomaindo, Masasi mjini, nashona sare ya shule. Alikuwa wifi yangu, Mama Rehema, mjane wa marehemu kaka yangu Saidi, anayeishi kwao Newala. Hakupoteza muda kwenye salamu. "Mama Issa, Rehema anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Kazi yako unaijua. Kama safari hii nayo una malaria, niambie mapema nitafute mgongo mwingine." Akakata simu.

Maneno ya mgongo yana maana yake. Katika ukoo wa wifi yangu bibi harusi hatoki chumbani kwa miguu yake. Mtoto ni wa mama na wajomba, wao ndio wenye kauli juu ya kila kitu, na sisi upande wa baba tumeachiwa kazi moja tu: shangazi ambebe mwali mgongoni, kutoka chumbani hadi kwenye mkeka uwanjani, watu wote wakitazama. Shangazi asipoonekana, mwali anatoka akitembea, na kila mtu anajua kwamba kwa baba yake hakuna mtu. Saidi alikuwa na dada mmoja, naye ni mimi.

Na malaria je? Kaka yangu alipofariki, miaka mitatu iliyopita, sikwenda kumzika. Niliwatuma wanangu, nikasema nimelala hoi na malaria. Uongo mtupu. Nilikuwa mzima, ila mkojo ulikuwa unaniponyoka, na nilijiuliza nitakaaje siku tatu kwenye mkeka wa wafiwa, wanawake bega kwa bega, bila mtu kusikia harufu. Nikabaki Masasi nikilia peke yangu. Tangu hapo wifi yangu akawa ananijibu kwa mkato, na haki yake.

Tatizo lilinianza miaka minane iliyopita. Mwanzo nikipiga chafya, tone. Baadaye nikicheka, tone na wenzake. Ikafika nikinyanyua ndoo nalowa kabisa. Nimezaa mara tano, miaka imesogea, nikajiambia ndiyo uzee huo, utafanyaje. Nikawa fundi wa siri yangu mwenyewe: nikashona vitambaa, juu khanga ya pamba, katikati taulo kuukuu, chini kipande cha mwavuli uliokufa ili maji yasipite. Vizuri kweli, ukivigusa huwezi kujua ni vya nini. Khanga zangu zote zikawa za rangi nzito. Masasi mjini hakuna choo nisichokijua, cha sokoni, cha msikitini, cha nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Kicheko nilikiacha, maana kilikuwa kinanigharimu. Watu wakaanza kusema Mama Issa siku hizi ana maringo.

Basi baada ya simu ile nilikaa nikimtazama yule mwanasesere wa kuvalishia nguo, naye hana mgongo wa kunikopesha. Kumzika kaka nilishindwa. Na binti yake nimwache atoke kwa miguu? Nikampigia wifi: "Nakuja." Akasema, "Tutaona."

Alhamisi ya wiki ya harusi, kabla ya jua, nilifunga mzigo. Begi la nguo, vitambaa ishirini na vinne, na ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kukaza. Ndoo ilikuwa muhimu kuliko begi. Newala iko juu, maji ya bomba huja kwa zamu, na mwezi huu wa korosho mvua ilikuwa bado. Mgeni gani anafua vitambaa kila saa kwenye nyumba inayopima maji kwa kopo? Nikapanga vichafu vyote nivifunge ndani ya ndoo, nirudi navyo Masasi.

Halafu nikafanya jambo nililoliona la akili sana: tangu Jumatano mchana sikunywa maji. Chai ya asubuhi niliipita nikiiangalia tu. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi, kisichoingia hakitoki.

Saa moja asubuhi Hamisi alinipitia na Noah yake. Hamisi ni jirani yangu, mtu wa Chiwata, alikuwa anapeleka magunia matupu ya korosho Newala, nikapata kiti cha mbele karibu na mlango. Tuliiacha milima ya mawe ya Masasi nyuma yetu, mikorosho ikatupokea kulia na kushoto, wanawake wameinama chini wakiokota. Hatujafika mbali, kibofu kikaanza kunikumbusha. Nikashangaa. Kina nini cha kudai, na mimi nimekauka midomo?

"Hamisi, simama hapo. Nimeona mabibo mazuri."

Hamisi akasimama. Nikanunua mabibo, nikamwomba mwenye nyumba choo, nikarudi. Baada ya muda mfupi tena. "Hamisi, hao wanauza ming'oko, wifi yangu anaipenda sana." Nikanunua fungu la mizizi hiyo ya porini, na choo nikapata. Tulipofika Nagaga nilinunua ndizi. Mbele kidogo nilinunua chungu. Kwenye kijiji cha mwisho kabla ya kupanda mlima hapakuwa na chochote barabarani ila mzee mmoja na jogoo wake, ambaye wala hakuwa anauzwa. Nikambembeleza mzee mpaka akaniuzia, na choo akanionyesha.

Hamisi alimtazama yule jogoo, akanitazama mimi. "Mama Issa, harusi ni ya mtu mmoja au ya wilaya?"

"Endesha gari," nikamwambia.

Kwenye kupanda, gari likawa linanguruma na kona zinafuatana, bonde likabaki chini limejaa ukungu. Baridi ya Newala ikaingia dirishani. Baridi na kibofu changu hawajawahi kupatana. Nilikaza mapaja, nikamkumbatia jogoo, nikasoma kila dua niliyofundishwa chuoni.

Saa tano kasoro tulifika nyumbani kwa wifi, mtaa ulio upande wa kwenda Shimo la Mungu, kule ambako nchi inakatika ghafla na ukitazama unaona hadi ng'ambo ya Ruvuma. Nilishuka na ndizi, ming'oko, mabibo, chungu, jogoo na ndoo yangu. Wanawake walionipokea walipiga vigelegele. "Shangazi kaja na soko zima!" Wifi yangu alisimama mlangoni na uso wake wa kununa, lakini alipomwona jogoo uso ukalegea kidogo.

"Shikamoo shangazi," Rehema akanipigia goti. Hapo nikaona jambo ambalo kwenye simu huwezi kuliona. Binti ana miaka ishirini na sita, mwalimu wa shule ya msingi, amenenepa vizuri, Mungu ambariki. Nilimwitikia marahaba huku macho yangu yanampima toka kisogoni hadi kwenye visigino. Huyu ndiye nitakayempanda mgongoni? Samahani, atakayenipanda mimi?

Jioni wifi aliniletea maji ya kuoga, ndoo nzima, ya moto. Wengine walikuwa wanaoga kwa nusu. Aliiweka tu bafuni akaondoka. Roho iliniuma. Nilioga kwa makopo manne, na yaliyobaki nikafulia vitambaa viwili kimyakimya, nikijiona mwizi.

Ijumaa asubuhi alikuja Bi Somoe, kungwi. Ni mwanamke mfupi wa miaka sabini na kitu, amevaa miwani yenye kamba, sauti yake nzito. Yeye ndiye anayewafunda mabibi harusi mtaa ule. Tulikaa chumbani kwa mwali, wanawake sita, mlango umefungwa. Mimi nilichagua kukaa karibu na mlango, kama kawaida yangu.

Baada ya mafunzo, ambayo hayaandikwi, Bi Somoe akasema, "Shangazi, hebu mbebe tuone. Kesho sitaki aibu."

Nikachuchumaa. Rehema akanishika mabega. Nikavuta pumzi, nikaizuia, nikasimama kwa nguvu zangu zote. Nilifika nusu tu. Mkojo ukatoka mwingi, moto, kitambaa kikaelemewa, ukashuka hadi mkekani. Nikamteremsha mwali na kukaa palepale juu ya doa. "Kiuno," nikasema. "Kiuno kimenikamata."

Wifi yangu akacheka kwa pua. "Juzi malaria, leo kiuno. Nilijua tu. Nitamwambia dada yangu ambebe."

"Hapana, mama," akasema Rehema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Khalati ni wa kwa mama, si wa kwa baba. Shangazi asiponibeba nitatembea."

Nilitazama chini, machozi yananitoka, na sikuweza hata kunyanyuka nikamshike mkono, kwa sababu ya pale nilipokalia. Nilimwonea huruma yeye na nikajichukia mimi.

Bi Somoe akawatoa wote nje, mmoja mmoja, na mwali pia. Akafunga mlango. Akaja akakaa mbele yangu, akavua miwani.

"Umekunywa maji lini?"

"Jumatano mchana," nikasema. "Na mafunda mawili matatu ya kumezea ugali."

"Midomo yako imeniambia toka nilipoingia. Na unakaa mlangoni kama mtu anayedaiwa. Mkojo?"

Miaka minane sikuwahi kuulizwa. Nikaitikia kwa kichwa.

"Hata mimi," akasema. "Mwaka juzi ulinishinda, mwanangu akanipeleka hospitali. Nesi akaniambia ukijinyima maji mkojo unakuwa mkali, unakiwasha kibofu, kinakuhimiza zaidi. Wewe umekuja njia nzima ukikiwasha." Akanimiminia maji kwenye kikombe. "Kunywa. Taratibu. Halafu niambie, ulipoolewa ulifundwa na nani?"

Nikamtajia kungwi wangu wa zamani, bibi mmoja wa Masasi, marehemu sasa.

"Alikufundisha kubana?"

Nilisikia uso unanipata moto. Kila mwanamke aliyefundwa anajua swali hilo ni la nini. "Alinifundisha."

"Uliacha lini?"

"Baba Issa alipofariki. Mwaka wa tisa sasa. Nimbanie nani tena, Bi Somoe?"

Yule bibi alicheka mpaka akapiga sakafu kwa kiganja. Akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. "Mama Issa. Kwani mwili ule alikuazima yeye, ukamrudishia kaburini? Nesi aliponieleza mazoezi yake na michoro yake ukutani, nilimwambia mwanangu, haya nimeyafundisha miaka arobaini bila kujua kwamba ni dawa. Misuli ni ileile. Inazuia mkojo ileile. Sisi tuliambiwa ya mume, basi mume akifa tunafunga somo. Wajane wangapi wanalowa kwa ujinga huo?"

Hapo ndipo na mimi nilicheka, na nikicheka nikalowa tena, na mara hii sikujali.

Mchana wote wa Ijumaa nilikuwa mwanafunzi. Kwanza nilikuwa nimesahau, nakaza makalio na tumbo, nazuia pumzi, uso umevimba. "Acha makalio," ananiambia. "Vuta ndani, juu, pale unapozuia mkojo usitoke. Pumua. Hesabu hadi tano. Achia kabisa, usikazane muda wote kama ngumi." Nikakumbuka polepole, mwili una kumbukumbu zake. Kisha akanipa siri ya kubeba: unakaza kwanza, ndiyo unanyanyua, na wakati wa kusimama unatoa pumzi, hupaswi kuizuia. Kadhalika ukitaka kukohoa au kupiga chafya, kaza kabla haijafika. Tukaleta debe la korosho ghafi. Kaza, toa pumzi, nyanyua. Mara ya kwanza tone. Mara ya nne hakuna kitu. Nilimwangalia Bi Somoe, naye akajifanya anasafisha miwani.

"Usidhani umepona," akasema. "Hii ni kama kusimamisha ukuta kwa mti mpaka fundi aje. Ukirudi kwenu nenda hospitali wakupime, inawezekana kuna ugonjwa kwenye mkojo au sukari. Mimi kungwi, siyo daktari." Nikamwuliza na la sala, maana nilikuwa nasali kwa wasiwasi. Akanielekeza kama alivyoelekezwa yeye na shehe wa mtaani: kila wakati wa sala ukiingia jisafishe, badilisha kitambaa, chukua udhu, sali, usijitese.

Jumamosi saa nne asubuhi uwanja ulikuwa umejaa. Nilikuwa nimekunywa chai kikombe kimoja na maji, nimeenda chooni mara mbili, nimevaa kitambaa kipya na kingine juu yake, maana tahadhari siyo woga. Ngoma ikaanza. Rehema alikuwa amekaa kitandani, amefunikwa khanga mpya hadi usoni, mikono yake imepakwa hina. Nikachuchumaa mbele yake. Akaninong'oneza, "Shangazi, ukishindwa niteremshe tu, sitakasirika."

"Nyamaza, upande," nikamwambia.

Kaza. Toa pumzi. Nikasimama. Alikuwa mzito kwelikweli, lakini chini kulikuwa kukavu. Nikapita mlango wa chumba, nikapita ukumbi, nikatoka nje kwenye jua na vigelegele.

Sasa, kuna jambo ambalo sikuwa nimelipigia hesabu. Ndugu wa mama wana ruhusa ya kumzuia shangazi njiani kwa maneno, ili acheke amwangushe mwali wao. Walijipanga. Mmoja akasema, "Shangazi wa Masasi, umezoea kubeba mawe ya kwenu?" Nikapita. Mwingine akaruka ruka mbele yangu, ameshika kiuno, anaigiza kile kiuno changu cha jana. Nikapita, meno nimeyauma. Kisha dada yake wifi, mnene, mcheshi, akaja na chupa ya vidonge mkononi akinifuata pembeni: "Dawa ya malaria, shangazi. Malaria ya Masasi haiji ila kukiwa na safari ya Newala."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Na mimi, ambaye neno lile lingepaswa kunichoma, nilicheka. Nilicheka kwa sauti, mwali juu ya mgongo wangu naye anacheka, tumbo lake linagonga uti wangu wa mgongo. Nikahisi mkojo unaponyoka. Nikasimama hapohapo katikati ya uwanja, watu wananitazama. Nikapumua. Nikavuta ndani, juu, nikahesabu. Ukatii. Kilichotoka kitambaa kilikipokea. Nikaendelea kutembea, hatua moja, nyingine, mpaka mkekani, nikamshusha binti ya kaka yangu mbele ya wajomba zake wote.

Rehema alinikumbatia shingo hakutaka kuniachia. Nililia pale bila kujificha. Nilimlilia Saidi, kilio cha miaka mitatu.

Jumapili asubuhi Hamisi alikuja kunichukua. Wifi yangu alinisaidia kubeba mizigo, akashika ile ndoo yenye mfuniko. "Nzito hii. Umeweka nini?"

Ningeweza kusema nguo. Nikaona nimeshaiambia uongo nyumba hii kiasi cha kutosha. Nikamvuta kando ya ukuta nikamwambia yote: vitambaa, miaka minane, jogoo, na kwamba Saidi alipofariki sikuwa na malaria hata chembe. Nilimwambia nilikuwa nimeshafunga begi siku ile, nikafika stendi, nikalowa nikiwa kwenye foleni, nikarudi nyumbani.

Alinisikiliza hadi mwisho, ndoo ikiwa mkononi.

"Mama Issa," akasema, "yaani miaka mitatu yote nimekununia kwa sababu ya mkojo?"

"Ndiyo, wifi."

"Ungeniambia. Ningekupa chumba changu, na maji, na ningewaambia watu unaumwa. Nilizika peke yangu. Nilikuwa nakutafuta kwa macho." Akaanza kulia, na mimi nikalia, Hamisi akazima gari. Kabla hatujaondoka tulikwenda mimi na yeye kaburini kwa Saidi. Nilichelewa miaka mitatu, lakini nilifika, nikamwombea.

Kurudi Masasi tulisimama mara moja tu, na sikununua kitu. Nilimwambia Hamisi wazi, "Simama, nataka kukojoa." Akasimama. Mambo yalikuwa mepesi kiasi hicho muda wote.

Jumatatu nilikwenda hospitali. Nesi alipima mkojo, akapima sukari, akaniuliza uzazi wangu wote. Hakukuwa na ugonjwa mwingine. Akanipa mazoezi yaleyale ya Bi Somoe, mara tatu kwa siku, akasema nisiyakatize, nisubiri miezi mitatu ndipo nione matunda, ninywe maji bila kujinyima, na nipunguze chai ya rangi kali. Nikafanya hivyo nikiwa kwenye cherehani, nakaza nashona, naachia nakata uzi. Sijapona kabisa. Vitambaa vimepungua kutoka sita kwa siku hadi viwili. Wanawake wawili watatu nimewaambia, na kila mmoja ameniomba nimshonee.

Kama safari hii imenifundisha kitu, ni kwamba mkojo haukuninyima ndugu zangu. Aibu ndiyo iliyoninyima, na mkojo ukabebeshwa lawama. Wiki iliyopita umetokea msiba Chiwata, mama yake Hamisi. Nilichukua mkeka wangu, vitambaa vyangu na chupa ya maji, nikaenda. Nililala pale siku tatu, bega kwa bega na wenzangu, mpaka tukaanua matanga.